Kamera za njia ya gari Nairobi: lenzi pana au nyembamba, ukutani au getini, waya au Wi-Fi

Ukiulizia kamera za nyumbani pale Luthuli Avenue, kitu cha kwanza kuwekewa mezani ni pakiti: kamera nne, DVR (mashine ya kurekodi), diski, roli ya kebo na fundi wa kuja kufunga. Mara nyingi kamera zote nne zina lenzi ya milimita 2.8. Zikishafungwa, skrini inaonyesha ua mzima, tangi la maji, paa la jirani na kipande kikubwa cha anga, na fundi anakuhakikishia, "Boss, hapa hata nzi hapiti." Nzi atapita. Hata Probox itapita, na asubuhi utakuwa na video ya gari jeupe lisilosomeka namba na mtu wa kofia asiye na sura.

Kwa njia ya gari ya mjini hapa, kamera mbili zilizochaguliwa kila moja na kazi yake zinashinda nne za pakiti. Moja ikae kwenye geti, nyingine iangalie eneo lote. Mashauri mengi yanayosambaa mtandaoni yameandikwa kwa nyumba za Marekani, ambako njia ya gari huanzia barabarani na kuishia gereji bila ukuta wala geti. Wanakwambia funga kamera juu ya mlango wa gereji na yamekwisha. Hapa kwetu kuna ukuta, fensi ya umeme na geti la chuma lililozibwa kabisa. Kamera ya gereji inaona mgongo wa geti. Mambo yenyewe hutokea upande wa pili: gari limesimama, dereva anapiga honi, soja yuko njiani, na nyuma yake barabara iko wazi. Anayevizia anaujua muda huo vizuri kuliko mwenye nyumba.

Lenzi kwanza, megapikseli baadaye

Kuna kiwango cha kimataifa cha mifumo ya kamera za usalama, IEC 62676-4, ambacho humaliza ubishi wa dukani. Hupima picha kwa idadi ya pikseli zinazoangukia kila mita ya upana wa eneo linaloonekana. Kwa toleo lake la 2014, kumtambua mtu usiyemjua kabisa, hadi uweze kumwonyesha mpelelezi sura yake, kunahitaji pikseli 250 kwa mita. Kumtambua mtu unayemjua, tuseme kijana anayeleta gesi, 125 zinatosha. Kujua tu kwamba kuna mtu amepita, 25.

Kamera ya megapikseli 4 ina pikseli 2,560 kwa upana. Gawanya kwa 250, unapata mita kumi na kidogo. Kwa hiyo eneo linaloonekana likizidi upana wa mita kumi, sura ya mgeni imepotea hata kama ni mchana kweupe. Lenzi ndiyo inayoamua upana huo utafikiwa ukiwa umbali gani kutoka kwenye kamera:

| Lenzi | Pembe ya kuona | Sura ya mgeni | Mtu unayemjua |
|---|---|---|---|
| mm 2.8 | kama digrii 100 | hadi mita 4 | hadi mita 8 |
| mm 4 | kama digrii 80 | hadi mita 6 | hadi mita 12 |
| mm 6 | kama digrii 50 | hadi mita 11 | hadi mita 22 |
| mm 12 | kama digrii 25 | hadi mita 23 | hadi mita 46 |

Hizi ni hesabu za mchana kwa megapikseli 4, na pembe hubadilika kidogo kulingana na ukubwa wa sensa iliyo ndani. Usiku punguza.

Sasa linganisha njia mbili za kutumia pesa zako. Ya kwanza ni kubaki na lenzi ya 2.8 na kupanda hadi megapikseli 8, zile zinazouzwa kwa jina la 4K. Sura ya mgeni inasogea kutoka mita 4 hadi kama 6, basi. Ya pili ni kubaki na megapikseli 4 na kuomba lenzi ya milimita 4. Unafika mita 6 zilezile, diski haijai upesi, na usiku picha huwa safi zaidi, kwa kuwa kwenye sensa ya ukubwa mmoja pikseli zikiwa chache kila moja hupata mwanga mwingi zaidi. Mwenye duka hatakuambia haya, kwa sababu megapikseli zimeandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi na lenzi imeandikwa chini kwa herufi ndogo.

Kama hujapima umbali, au geti litahamishwa ujenzi ukiisha, lipia lenzi ya kuvuta yenye mota, ya milimita 2.8 hadi 12. Fundi anairekebisha kwa simu akiwa amesimama getini. Kamera za kuzunguka mimi sizitaki kwa kazi hii: ikiwa imegeukia kushoto, cha kulia hakikurekodiwa.

Ukuta wa nyumba au nguzo ya geti

Fundi anapenda ukuta wa nyumba kwa sababu kebo ni fupi na ngazi inasimama kwenye saruji. Faida nyingine ipo kweli: chini ya upenu mvua haifiki, na mkono wa mtu haufiki. Lakini kama geti liko mita 15 mbele, lenzi ya 2.8 hapo itakuonyesha kwamba kuna kitu kimesogea. Utahitaji ya 12, na bado usiku gari likiingia taa zake za mbele zinamulika moja kwa moja ndani ya lenzi.

Nguzo ya geti ina nafasi mbili tofauti, na watu huzichanganya.

Ya kwanza ni kamera iliyo upande wa ndani, ikitazama nyumba. Gari likishaingia, kamera hii inaliona kwa nyuma, ambako taa ni hafifu na pleti inasomeka. Pikipiki nyingi za boda pleti yao iko nyuma, kwa hiyo kwa riders wa kuleta vyakula na vifurushi hii ndiyo nafasi yenye maana. Na anayetoka na televisheni yako mabegani anatoka akiwa ameielekezea uso.

Ya pili inatazama nje, mahali gari linaposimama kusubiri. Hapa umbali ni mita tatu hadi tano, kwa hiyo lenzi ya milimita 4 inatosha, na gari halisogei, jambo litakalokuwa na uzito mkubwa tukifika kwenye usiku. Funga kwenye nguzo ya kulia ya mtu anayeingia. Magari yetu usukani uko kulia, na dereva akishusha kioo kuzungumza na soja, ni kioo cha upande huo. Kamera iliyo kushoto itakupa abiria, kama yupo. Kamera iliyo mbele itakupa anga ikijitazama kwenye kioo cha mbele.

Tatizo la nafasi ya nje ni kwamba kamera yenyewe inaweza kuibwa, kugeuzwa au kupigwa jiwe. Chagua yenye umbo la kuba na alama ya IK10, ambayo ni daraja la kustahimili kipigo, pamoja na IP66 au 67 kwa mvua. Kebo ipite ndani ya paipu kwenye ukuta, na maungio yakae ndani ya kiboksi kisichoingiza maji. Kebo inayoning'inia nje ni mwaliko.

Urefu: kati ya mita 2.5 na 3. Ikiwa mita 3 na mtu yuko mita 5 mbele, kamera inamtazama usoni kwa pembe ya digrii 16 hivi kwenda chini, na kofia haijafunika macho. Ipandishe hadi mita 5, kwenye ghorofa ya kwanza ambako wengi huiweka "isifikiwe", na pembe inakuwa digrii 34. Hapo unarekodi vipara na chapa za kofia.

Kuhusu jua, msiogopeshwe na yale maelezo ya Ulaya ya kukwepa kusini. Nairobi iko digrii moja na kidogo kusini mwa Ikweta. Jua la mchana hupita upande wa kaskazini mwezi wa Juni na upande wa kusini mwezi wa Desemba, na nyakati zote mbili liko juu sana. Adui yetu ni mashariki na magharibi, mwaka mzima, karibu saa kumi na mbili na nusu asubuhi na jioni, saa ambazo watu wanatoka na kurudi. Kama geti linatazama moja ya pande hizo, elekeza kamera kimshazari kufuata ukuta badala ya kuiangaza barabara moja kwa moja, na nunua yenye WDR halisi, yaani uwezo wa kuonyesha penye jua kali na penye kivuli kwenye picha moja. Kwenye karatasi ya maelezo tafuta namba 120 dB. Penye maneno "DWDR" ni ujanja wa programu, haufikii hapo.

Mambo mengine mawili ya ukutani. Usifunge kamera chini kabisa ya taa ya usalama: mvua za kwanza zikinyesha kumbikumbi watakujazia simu arifa, na buibui watafuata chakula chao na kutandaza utando mbele ya lenzi. Na ua wa kayaba ukichipua masika hufunika kamera polepole bila mtu kugundua.

Waya, Wi-Fi au sola

Nikiwa na ruhusa ya kutoboa ukuta, nachagua PoE bila kufikiria mara mbili. Kebo moja ya mtandao inabeba picha na umeme kwa pamoja, hadi mita 100, na umbali huo unatosha ua mwingi wa nusu ekari. Angalia tu kebo yenyewe. Kuna inayouzwa rahisi ambayo nyaya zake ni alumini iliyopakwa shaba, imeandikwa CCA. Kwa umbali mrefu inapoteza umeme njiani. Kwangua waya kwa kisu: ndani ukiona weupe, rudisha.

Mfumo wa zamani wa DVR na kebo ya koaksia haujafa. Unaenda mbali zaidi ya mita 100, ni rahisi, na kila fundi anaujua. Udhaifu wake ni umeme wa volti 12 unaosafirishwa kwenye waya mwembamba. Dalili yake ni kamera inayofanya kazi vizuri mchana kutwa, halafu giza likiingia inazima na kuwaka. Taa zake za usiku zimewaka, zinavuta umeme zaidi, na volti zinazofika hazitoshi. Wengi hubadilisha kamera mara kadhaa kabla ya kushuku waya.

Wi-Fi inafaa mpangaji, na sababu kuu ni kwamba siku ya kuhama unaifungua unaondoka nayo. Kwa geti lililo mbali ina shida: kuta za mawe humaliza mawimbi, na geti la chuma huyarudisha. Na jina lisikudanganye, kwa sababu bado inahitaji soketi. Kama utapeleka waya wa umeme hadi getini, ungepeleka kebo ya PoE mtaro uleule.

Kamera za sola na betri ndizo zinazopendwa zaidi siku hizi, na kwa njia ya gari ndizo ninazoziamini kidogo kuliko zote. Ili kuokoa betri, nyingi zinalala hadi kisensa cha joto kiziamshe. Kisensa hicho humshika vizuri mtu anayekatiza mbele yake kutoka upande mmoja kwenda mwingine, na humshika vibaya anayekuja akiielekea. Njia ya gari ni hiyohiyo: kila kitu kinakuja kikiielekea. Ikiamka, gari limeshapita na umerekodi vumbi. Ongeza mawingu ya Juni hadi Agosti, ambapo Nairobi inaweza kukaa siku nyingi bila jua la maana. Kama shamba lako la Kamulu halina stima, hiyo ndiyo njia iliyopo. Basi ifunge pembeni, gari lipite mbele yake kwa kukatiza.

Usiku: infraredi au taa nyeupe

Mwanga wa infraredi hauonekani kwa macho, hauwasumbui majirani, na picha huwa nyeusi na nyeupe. Taa nyeupe inakupa rangi: utajua gari lilikuwa la kijani na koti lilikuwa jekundu. Pia inamwambia mtu kwamba ameonekana. Kwa ndani ya ua napendelea taa nyeupe inayowaka ikigundua mtu. Kwa nje ya geti napendelea infraredi, kwa kuwa mwenye nia mbaya akiona taa imewaka atatafuta kamera kwa macho na kujifunika.

Pleti usiku ni suala la peke yake. Gari likienda kilomita 20 kwa saa linasafiri mita 5.6 kila sekunde. Kamera ya kawaida gizani hufungua shata, kile kilango cha kuingiza mwanga, kwa 1/25 ya sekunde, na ndani ya muda huo gari limesogea sentimita 22. Herufi zimekuwa uji. Ukilazimisha shata iwe 1/500, gari linasogea sentimita moja tu, lakini picha yote inakuwa nyeusi isipokuwa pleti, ambayo huurudisha mwanga wa infraredi kwa nguvu. Kamera ya namba kwa hiyo haiwezi kuwa kamera ya sura, na ikae karibu na mstari wa gari, isizidi digrii 30 pembeni wala kwenda juu.

Ndiyo maana nasisitiza mahali gari linaposimama. Gari lililotulia getini halihitaji shata ya kasi hivyo. Shata ya wastani inaweza kukupa pleti na mtu kwenye picha moja. Weka tuta dogo hatua chache kabla ya geti kama eneo ni lako, na umeokoa bei ya kamera ya tatu.

Stima, diski na jirani

Tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima kwa saa nyingi, na bila hata mkasa kama huo, tokeni zikiisha usiku kamera zinazima. Hapa PoE inashinda tena: swichi, NVR (mashine ya kurekodi ya kamera za PoE) na rauta zinakaa chumba kimoja na betri moja inazitosha. Kamera nne na mashine zake hutumia takriban wati 50. UPS ndogo ya kompyuta itakupa kama saa moja. Betri ya lithiamu ya 12V 100Ah itakuvusha usiku kucha.

Kamera moja ya megapikseli 4 ikirekodi kwa H.265, njia ya kubana video, kwa megabiti 2 kwa sekunde, hula gigabaiti 21 hivi kwa siku. Nne kwenye diski ya terabaiti 1 zinakupa siku kumi na moja, kisha zinafuta za mwanzo. Mashine isikae chini ya televisheni, kwani wataichukua pamoja nayo. Weka pia kadi ya kumbukumbu ndani ya kamera ya geti, iwe nakala ya pili.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haimfuati mtu kwa shughuli za nyumbani kwake tu, lakini kamera inayochungulia dirisha la jirani imeshatoka nyumbani kwako. Ziba eneo hilo kwa kile kiraka cheusi kilicho kwenye mipangilio ya kamera. Chama cha wakazi au mwenye ploti anayerekodi wapangaji yuko kwenye kundi lingine: kanuni za 2021 zinataka anayeendesha kamera za kuzuia uhalifu ajisajili kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Na siku ukiipeleka video mahakamani, kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka iambatane na cheti, kwa hiyo hakikisha saa ya mashine ni sahihi. Hurudi nyuma kimyakimya baada ya stima kupotea.

Ningenunua nini

Nyumba yenye ua na geti lake, Lang'ata au Runda: PoE, megapikseli 4, moja ya milimita 4 nje ya nguzo ya kulia, moja ya 6 ndani ya nguzo ikitazama nyumba. Ya 2.8 iwe ukutani mwa nyumba kwa ajili ya kuona ua wote, ikiwa pesa zimebaki.

Maisonette kwenye mtaa wenye geti la pamoja, South C kwa mfano: geti kuu si lako, njia yako ni mita sita za vibamba vya saruji. Moja ya milimita 4 chini ya upenu inatosha, Wi-Fi ikifika vizuri. Ya getini yashughulikiwe na chama.

Ploti ya kupangisha yenye parking ya pamoja, Kasarani au Utawala: zungumza na mwenye nyumba aweke moja nzuri getini badala ya kila mpangaji kuning'iniza yake dirishani. Akikataa, ya Wi-Fi yenye kadi, ielekee gari lako peke yake.

Usimlipe fundi salio mchana. Mwite saa mbili usiku, taa za nje zikiwa zimezimwa kama zitakavyozimika stima ikipotea. Mtu asimame getini akiwa na kofia, gari liingie taa zikiwaka, kisha ingia ndani na uirudie video kwenye diski, si ile ya moja kwa moja kwenye simu. Soma namba kwa sauti. Ikikushinda, alegeze skrubu na kuielekeza upya akiwa bado yuko juu ya ngazi.